Tamthilia fupi si kazi ya mvivu

MWANAFUNZI wangu mmoja aliwahi kuniuliza, nusu kwa mzaha, iwapo tamthilia fupi huandikwa na mtunzi mvivu. Nikamwambia akasome mbili za William Shakespeare: The Comedy of Errors, iliyo fupi kuliko zote, na Hamlet, iliyo ndefu kuliko zote.

Ya kwanza haifikii mistari 2,000. Ya pili inakaribia 4,000, na ikiigizwa bila kupunguzwa huchukua saa nne hivi.

Katika futuhi ile fupi, mzee Egeon atauawa jua likitua asipolipa fidia. Wakati huohuo wanawe pacha wako mjini Efeso, kila mmoja na mtumishi wake, nao watumishi ni pacha vilevile. Huyu anadhaniwa yule, basi vurugu tupu! Cha ajabu ni kwamba Antipholus wa Sirakusa amekuja akimtafuta pacha wake, lakini watu asiowajua wanapomwita kwa jina, hata hashtuki kuwa huenda ndugu yu karibu. Akiwaza kidogo tu, mchezo umekwisha. Mbio za tamthilia ndizo zinazotunyima sisi hadhira nafasi ya kuuliza.

Hamlet ni kinyume chake. Mzuka wa babake unamtaka alipize kisasi katika tendo la kwanza. Angemuua Claudius usiku uleule, tungerudi nyumbani mapema. Lakini anaushuku mzuka, anaandaa mchezo ndani ya mchezo ili ampime mfalme, kisha anamkuta akisali na kuahirisha tena. Urefu wa tamthilia ndio kusita kwenyewe.

Ndiyo maana siwaonei gere waelekezaji wanaoikata Hamlet ili iwe ya saa mbili. Kisa hubaki, naam, ila ukiondoa uzungumzinafsi na ahirisho baada ya ahirisho, unabaki na mwana wa mfalme mwenye upanga tu.

Waandishi wetu chipukizi basi wasianze kwa kuhesabu kurasa. Wajiulize kwanza: mhusika wangu anakimbizana na jua, au anakimbia uamuzi?

Yule mwanafunzi alirudi baada ya majuma mawili. Ile fupi, alisema, ilimwishia kabla hajachoka. Ile ndefu ilimchosha, kisha akairudia.