Shukrani ya Punda? Deni la Uhuru katika Kinjeketile na Sauti ya Dhiki

Katika semina moja ya fasihi tulikuwa tunajadili Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono, akasema: "Jamani, huyu alikuwa kijana wa miaka 22. Wazee wamefungwa, wamepigwa, wengine wamekufa ili yeye awe huru. Uhuru wenyewe ndiyo kwanza unatimiza miaka mitano, yeye keshaanza kuisema serikali. Hiyo si shukrani ya punda, ya mateke?" Darasa zima likacheka. Nami nilicheka. Lakini nilipofika bwenini nikaona kwamba swali lile hatukulijibu, tulilicheka tu.

Makala haya ni jaribio la kulijibu. Ninakubaliana na mwenzetu katika jambo moja: uhuru alionao mtu wa leo, wa kusema, wa kusoma, wa kwenda atakako, ulilipiwa na watu wengine, na asiyejua hivyo ni mjinga wa historia. Tunapotofautiana ni hapa: shukrani hiyo anapewa nani, na inalipwa kwa nini? Ili kuliona vizuri jambo hili, tuisome diwani ya Abdilatif bega kwa bega na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile. Tamthilia hiyo ilichapishwa mwaka 1969, na mwaka huohuo Abdilatif alihukumiwa kifungo.

Tuanze na Kinjeketile. Wengi wetu tumeisoma tangu sekondari, tukafundishwa kwamba dhamira yake kuu ni umoja. Sawa, lakini tuangalie mwisho wake. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, vimekwenda kombo, watu wamekufa kwa risasi za Wajerumani, na Kinjeketile yumo kifungoni. Anatakiwa aseme neno moja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Hata Kitunda, mwenzake katika mapambano, anaona ni afadhali aseme. Naye anakataa. Hakatai kwa sababu ana hakika na maji. Hussein amekwisha kutuonyesha mapema kwamba mtu huyu ana wasiwasi, wala hajui vizuri kama neno lile ni lake au ni la Hongo. Anakataa kwa ajili ya watoto ambao hajawaona. Akilikana neno lake, kesho wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigana. Basi sadaka ya Kinjeketile si uhai wake peke yake. Anawaachia wajukuu haki ya kutoona haya.

Sasa tuvuke mpaka. Mwaka 1968 nchini Kenya, chama cha upinzani cha KPU, kilichoongozwa na Oginga Odinga, kilinyimwa nafasi katika uchaguzi wa serikali za mitaa kwa wagombea wake kuenguliwa. Abdilatif, mzaliwa wa Mombasa, akaandika kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Kwa karatasi hiyo alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, muda mwingi akiwa peke yake chumbani. Mashairi aliyoyatunga humo aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kuwa Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Hapa ndipo swali la mwenzetu linapokaza kweli. Kenyatta mwenyewe alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 na serikali ya kikoloni, akakaa kifungoni na kizuizini hadi 1961. Nani atakataa kwamba hilo ni deni? Lakini je, kumshukuru mtu aliyefungwa kwa ajili yetu kunatulazimu tukubali afunge wengine? Kama jibu ni ndiyo, basi uhuru ni mkopo, na mkopeshaji anaweza kuudai wakati wowote. Kama jibu ni siyo, basi Abdilatif hakupiga teke. Alikuwa anaitumia ile mali ambayo wazee waliitafuta.

Diwani yenyewe inalijibu hili bila kelele. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute" ndugu wawili wanagombana. Mmoja yuko juu ya mnazi, mwingine yuko chini anadai haki yake. Uzuri wa shairi hili ni kwamba mnazi haudharauliwi hata kidogo. Ugomvi wote unatokana na kuuthamini. Msomaji wa pwani anajua mnazi si mti wa kuota msimu mmoja. Anayeupanda hungoja miaka kabla ya kuangua dafu la kwanza, na mara nyingi anayekula ni mwingine. Aliye chini anaposema "na mimi nimo" hajamtukana mpanzi. Kumbe anayemkosea mpanzi ni yule wa juu anayejiona mnazi ni wake pekee.

Tukija kwenye fani, baadhi yetu wa bara tunalalamika kwamba Kimvita cha diwani hii ni kigumu, eti "siwati" ndiyo nini. Ni "siachi", ndugu zangu, basi. Huyu ni mtu aliyenyang'anywa karibu kila kitu, akabaki na lugha ya nyumbani kwao na kanuni za ushairi alizozirithi. Beti zenye vina vya kati na vya mwisho hushikika kichwani hata pasipo karatasi. Wale wanaosema vina na mizani ni pingu za mshairi wafikirie kidogo juu ya mshairi huyu aliyejua hasa kufungiwa ni nini, na bado akazichagua.

Sisemi kwamba diwani haina kasoro. Msimamo wa "Siwati" ni imara mno, kiasi kwamba hauachi mwanya wa shaka. Hata "Kuno Kunena", linalouliza kama kusema ndiko kulikomfikisha mtunzi kule, linauliza kama mwendesha mashtaka, si kama mtu anayejihoji. Kinjeketile wa Hussein anatetemeka, na kutetemeka kwake kunatuambia zaidi gharama ya kutolikana neno. Mhakiki anayemwogopa Abdilatif kwa sababu alifungwa, akaishia kuandika "mshairi amefaulu sana", naye anamfunga tena, safari hii ndani ya sifa.

Na hapo ndipo deni linapotugusa sisi. Mwenzetu aliweza kusema vile mbele ya mwalimu, nami nikaweza kumpinga humu, na usiku tukala ugali meza moja. Hakuna aliyekuja kugonga mlango. Jambo hilo ni dogo tu, nusu saa ya semina, lakini ndilo lililowagharimu watu miaka yao. Tukilitumia kukariri majibu ya mtihani, tutakuwa tumeula mnazi bila hata kuuliza nani aliupanda. Shukrani ninayoiona katika vitabu hivi viwili hailipwi kwa kupiga makofi wala kwa kunyamaza. Inalipwa kwa kusema tunaloliona ni kweli, tukijua kuna waliolipia nafasi hiyo. Mwenzetu, kama hukubali, ukurasa uko wazi. Nijibu.