Livingstone na Foleni ya London: Mabasi Kwanza, Tozo Baadaye

Jumatatu, Februari 17, 2003, saa 1 asubuhi, dereva aliyeingia katikati ya London hakukuta kizuizi wala kibanda cha kulipia. Alikuta herufi C iliyochorwa barabarani na kamera juu ya nguzo. Kamera ilisoma namba ya gari, kompyuta ikaitafuta kwenye orodha ya waliolipa pauni 5. Ikifika saa 6 usiku haimo, mwenye gari aliandikiwa faini ya pauni 80, au nusu yake akiwahi kulipa ndani ya siku 14.

Meya aliyeleta tozo hiyo, Ken Livingstone, alikuwa ameshaungua mara moja kwa jambo la usafiri. Alianza na udiwani wa Lambeth mwaka 1971, akaingia Baraza la London Kuu, na Mei 1981 akawa kiongozi wake. Oktoba hiyo alishusha nauli za mabasi na treni za chini ya ardhi kwa karibu theluthi moja, pengo akaliziba kwa nyongeza ya kodi ya majengo. Halmashauri ya Bromley, isiyo na kituo hata kimoja cha treni hizo, ikagoma kubebeshwa mzigo wa wengine na kwenda mahakamani. Desemba, majaji wa Baraza la Malodi wakaamua kuwa sheria ya usafiri ya 1969 haikuruhusu mpango ule. Machi 1982 nauli zikapanda karibu maradufu. Mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher ikalifuta Baraza la London Kuu lenyewe.

Kura Livingstone alikuwa nazo. Alichokosa ni kifungu cha kusimamia.

Aliposhinda umeya mwaka 2000, akiwa mgombea binafsi baada ya chama cha Labour kumnyima tiketi, kifungu kilikuwapo. Sheria ya 1999 iliyounda cheo hicho ilimpa meya mamlaka ya kutoza magari, na ikaagiza mapato yaende kwenye usafiri. Halmashauri ya Westminster ilipoipinga tozo mahakamani mwaka 2002, ilishindwa.

Kilichobaki kilikuwa mpangilio. Mabasi ya ziada kama 300 yaliingizwa barabarani kuwapokea watakaoacha magari nyumbani. Tozo nayo ilianza wiki ya mapumziko ya shule, magari yakiwa machache, ili mitambo ikikwama mji usikwame nayo. Mwaka wa kwanza magari yaliyoingia eneo hilo yalipungua kwa takriban asilimia 18, na foleni kwa asilimia 30.

Boris Johnson alimwangusha Livingstone katika uchaguzi wa umeya mwaka 2008. Eneo la magharibi, ambalo Livingstone aliliongeza mwaka 2007, Johnson aliliondoa mwishoni mwa 2010. Tozo ya katikati aliiacha, na Januari 2011 akaipandisha kutoka pauni 8 iliyokuwa imefikia hadi 10.