Kijiji Kisichopata Kuwako

Katika nchi ya Kanada, jimbo la Ontario, kando ya mto mkubwa uitwao St. Lawrence, karibu na mji wa Morrisburg, kiko kijiji kiitwacho Upper Canada Village. Mgeni alipaye kiingilio akapita langoni huona nyumba za mbao na za mawe, kanisa, shule, karakana ya mhunzi, mashamba, na farasi wakikokota magari. Wanawake wamevaa magauni marefu ya miaka ya 1860, na mwokaji anaitoa mikate tanurini. Walakini jioni lango hufungwa, na watu wale huyavua mavazi yao wakarudi makwao kwa motokaa. Kijiji hiki ni makumbusho yasiyo na paa, nayo yalifunguliwa mwaka 1961.

Nataka, msomaji, tukipime kijiji hiki kama tupimavyo kitabu. Na tutazame kwanza kilichoandikwa vizuri, kisha tuulize ni ukurasa gani uliochanwa.

Aliyebuni makumbusho makubwa ya namna hii ni Msweden aitwaye Artur Hazelius, ambaye mwaka 1891 alifungua mahali paitwapo Skansen, katika mji wa Stockholm. Yeye aliona kuwa jembe lililowekwa nyuma ya kioo halisemi neno. Sharti lionekane katika nyumba ya mwenye kulitumia. Katika jambo hili Upper Canada Village ni mwanafunzi hodari. Kiko kiwanda cha sufu kinachoendeshwa kwa nguvu za maji. Maji huzungusha mtambo ulio chini ya sakafu, mtambo huvuta mikanda, na mikanda huendesha mashine juu, sufu ikachambuliwa, ikasokotwa, hata mwisho ikafumwa blanketi. Karibu yake msumeno uendeshwao kwa maji vilevile hupasua magogo kuwa mbao. Unga usagwao kijijini huokwa mikate humo humo. Mwanafunzi aliyekariri darasani ya kwamba zamani za mvuke na umeme bado hazijaenea watu walifanya kazi kwa nguvu za mito, hapa husikia sakafu ikitetemeka chini ya nyayo zake, na hilo halitasahaulika upesi. Mimi nashikilia ya kuwa hakuna ubao wala picha iwezayo kufundisha hivyo.

Lakini kijiji chenyewe hakikupata kuwako. Majengo yake yalichukuliwa huku na huku yakapangwa mahali pamoja. Kiwanda kile cha sufu kilitoka Odessa, upande wa magharibi wa mji wa Kingston, safari ndefu kutoka hapo kilipo leo. Hili silihesabu kuwa kosa kubwa. Hata kitabu hiki ulichokishika kimekusanya insha za watu ambao hawakuketi chumba kimoja, wala hakuna aliyedanganywa.

Kosa liko penginepo. Kwa nini majengo hayo yalihamishwa? Baadhi yake yalihamishwa kwa sababu mahali yalipokuwa pamekuwa ziwa. Katika miaka ya 1950 Kanada na Marekani zilikubaliana kuufanya mto St. Lawrence kuwa njia ya meli kubwa na chanzo cha umeme. Asubuhi ya tarehe 1 Julai, 1958, boma la udongo lililozuia maji lilipasuliwa kwa baruti, na kwa siku chache yakapanda, yakafunika makazi kumi: Aultsville, Moulinette, Wales, Mille Roches na mengineyo. Watu wapatao 6,500 walikuwa wameondolewa. Nyumba zaidi ya 500 zilibebwa nzimanzima na mashine kubwa mpaka miji mipya. Nyingine zilibomolewa au kuchomwa moto, na miti ikakatwa. Makaburi mengine yalihamishwa, mengine yakaachwa.

Sasa litazame kanisa la kijiji chetu. Lilijengwa Moulinette mwaka 1837. Mgeni huonyeshwa jinsi waumini wa karne ya 19 walivyosali, na huondoka akiwakumbuka waliolijenga. Waliolipoteza je? Kwa kuwa saa ya kijiji imesimamishwa katika miaka ya 1860, mwaka 1958 hauna mlango wa kuingilia. Sisemi habari hiyo imefichwa, kwani kila aulizaye ataipata. Nasema imewekwa nje ya hadithi, na hadithi ndiyo mgeni aliyoilipia. Watetezi watasema makumbusho hayawezi kueleza kila kitu. Ni kweli, walakini gharika ile si kitu kimoja miongoni mwa vingi. Ndiyo iliyokizaa kijiji hiki. Mtu akieleza maisha yake yote bila kutaja kuzaliwa kwake, tutamwamini vipi katika mengine?

Liko na neno jingine la kuchunguza. Kijiji huwatukuza watu waitwao watangulizi, ambao wa kwanza wao walipewa ardhi mwaka 1784, baada ya vita vya Wamarekani kujitoa katika utawala wa Uingereza. Kwetu Kenya watu wa ng'ambo waliopewa mashamba tuliwaita walowezi, wala hakuna aliyedhani nyanda za juu zilikuwa tupu walipofika. Neno "mtangulizi" husahaulisha swali hilo. Wamohawk walikuwa wakiujua mto ule kabla ya msumeno wa kwanza, na njia ile ile ya meli iliyozamisha Moulinette ilichukua pia sehemu ya ardhi yao huko Akwesasne na Kahnawake. Mgeni apendezwaye na mkate wa moto haulizwi jambo hili hata mara moja na harufu ya tanuri.

Yako makumbusho mengine mashariki yake, madogo sana, karibu na mji wa Long Sault. Chama cha historia kilichoundwa mwaka 1977 na watu wa eneo hilo kimekusanya hapo majengo kumi hivi ya vijiji vilivyozama: steshini ya reli ya Moulinette, duka, kinyozi. Hakuna kiwanda cha sufu kinachonguruma. Kama ni kuchagua pa kujifunzia ufundi, ningewapeleka wanafunzi wangu Upper Canada Village bila kusita. Kama ni kuchagua pa kujifunzia historia, ningewapeleka kwenye steshini ile isiyopitiwa na gari moshi, kisha ningewatembeza hadi ukingoni, ambapo barabara kuu ya zamani bado yaonekana ikishuka taratibu na kuingia majini.