Msamaha Uliokatwa

Tumewahi kuwasifu vijana wachezaji wanaosafiri. Leo twataka kuwapima La Barraca, wanafunzi wa chuo kikuu cha Madrid, ambao tangu mwaka 1932 walizunguka miji midogo na vijiji vya Hispania pamoja na mshairi Federico García Lorca. Walisafiri kwa lori, wamevaa mavazi ya kazi ya rangi ya buluu. Jukwaa walilichukua wenyewe, wakalisimamisha uwanjani, na mchezo ulipokwisha wakalibomoa. Mshahara hawakupata.

Sifa yao kubwa ni kwamba hawakuwapelekea wakulima michezo ya kitoto. Waliwachezea Calderón, hata ule mchezo wake wa sikukuu ya Ekaristi, na Lorca mwenyewe akawa Kivuli, amejifunika nguo nyeusi. Huko Soria wapinzani walifanya fujo. Vijana wakaendelea na safari.

Lakini Fuenteovejuna ya Lope de Vega hatuwezi kuisifu yote. Wanakijiji wanamwua bwana wao mkatili. Hakimu anawatesa, nao wanajibu, mmoja mmoja, kwamba aliyeua ni kijiji. Kwa Lope, mfalme anawasamehe mwishoni, maana ushahidi haukupatikana. Lorca alimwondoa mfalme, na malkia pia. Alitaka habari hii ionekane ya siku zake, si ya zamani, hilo twalifahamu. Hata hivyo, mtu aliyeamini kwamba mkulima aweza kumwelewa Calderón, mbona hakumwachia aupime mwenyewe msamaha ule?