Mapepo au Wageni? Istiara, Ishara na Maji katika Filamu ya Signs

Filamu ya Signs, iliyoandikwa na kuelekezwa na M. Night Shyamalan na kutolewa nchini Marekani mwaka wa 2002, ina kisa kinachoweza kuelezwa kwa ufupi. Graham Hess, kasisi wa Kanisa la Kiepiskopali aliyeuacha ukasisi baada ya mkewe, Colleen, kuuawa na gari, anaishi katika shamba la mahindi huko Bucks County, Pennsylvania, pamoja na watoto wake wawili, Morgan na Bo, na mdogo wake, Merrill. Maumbo makubwa ya duara yanatokea usiku katika mahindi yake. Kisha taa zinaonekana juu ya miji ya dunia. Kisha wageni wanashuka. Familia inajifungia ndani ya nyumba na kuponea chupuchupu. Mwishowe mvamizi mmoja anaangamizwa sebuleni kwa gongo la besiboli na kwa bilauri za maji ambazo Bo, mtoto asiyekubali kuyamaliza maji yake, alikuwa ameziacha kila mahali. Maji huwaunguza viumbe hawa kama asidi.

Hapo ndipo watazamaji wengi walipokwama. Takriban asilimia 71 ya uso wa dunia imefunikwa na maji. Je, ni jeshi gani lenye akili ya kuvuka anga ambalo lingechagua kuivamia, tena bila nguo, sayari ambayo mvua yake tu ingewaua? Swali hili limefanyiwa mzaha kwa miaka mingi, na ni kutokana nalo ndipo mashabiki wa filamu hii walipozua fasiri ambayo makala haya yanaishughulikia: kwamba wavamizi hawa hawakutoka sayari yoyote, bali ni mapepo, na kwamba maji yaliyowaua si maji ya kawaida, bali ni maji matakatifu.

Fasiri hii isidharauliwe upesi. Wanaoitetea wameitazama filamu kwa makini kuliko wengi wanaoicheka. Wanasema, na ni kweli, kwamba hakuna wakati wowote ambapo mtazamaji anaonyeshwa chombo cha angani chenye umbo; huonyeshwa taa tu. Wavamizi hawana silaha wala mavazi, na mlango wa stoo uliozuiwa kwa samani humshinda mmoja wao. Wanakumbusha kwamba Graham humsimulia Bo jinsi wanawake waliokuwapo alipozaliwa walivyomfananisha na malaika, na kwamba ni Bo huyo huyo anayeyatayarisha maji katika nyumba ya mtu aliyekuwa kasisi. Wanakumbusha pia kwamba habari za kushindwa kwa wavamizi hutoka kwanza katika miji mitatu midogo ya Mashariki ya Kati, ambako inasemekana imegunduliwa mbinu ya kale ya kupambana nao. Msomaji aliyezoea kuzisaka jazanda atakubali kwamba ushahidi huu si haba.

Lakini wingi wa ushahidi si kipimo pekee cha fasiri. Mhakiki anapaswa kuuliza pia fasiri hiyo inaifanya nini kazi nzima: inaifungua au inaifunga? Makala haya yanashikilia kwamba fasiri ya mapepo ina jicho kali na hukumu mbovu. Inaona kwamba filamu hii ni ya kidini, kisha inaiondoa dini yenyewe iliyomo ndani yake.

Kasisi katika vita na wageni

Wazo la kuwasoma wavamizi wa angani kwa jicho la Maandiko halikuanzia kwa mashabiki wa Shyamalan. Lilizaliwa pamoja na utanzu wenyewe. Katika The War of the Worlds, riwaya ya H. G. Wells iliyotoka kama kitabu mwaka wa 1898, msimulizi anajikuta amekwama pamoja na kasisi mmoja ambaye kwake yeye Wamirihi ni watumishi wa hukumu ya Mungu. Kasisi huyo anautazama mji uliochomwa na kuiona Sodoma. Wells hamhurumii. Anamfanya mlafi, mwoga, na hatimaye mwendawazimu anayehubiri kwa sauti katika nyumba waliyojificha, hadi msimulizi anapolazimika kumpiga na kumwangusha, na mkono wa chuma wa wavamizi ukamburuta nje. Kwa maneno mengine, msomaji wa kiistiara tayari yumo ndani ya riwaya, na riwaya inamhukumu.

Hata hivyo, Wells mwenyewe hakuweza kuikwepa lugha ya kasisi wake. Wamirihi hawashindwi na mizinga. Wanauawa na viini vidogo vya maradhi, na msimulizi analieleza jambo hilo kwa kutaja hekima ya Mungu aliyeviweka viini hivyo duniani. Filamu ya Byron Haskin ya mwaka wa 1953, iliyotokana na riwaya hiyo, iliusukuma mwelekeo huu mbali zaidi. Kasisi mwoga wa Wells akageuzwa kuwa mchungaji jasiri, Matthew Collins, anayewaendea Wamirihi akiwa na Biblia mkononi na kuteketezwa papo hapo. Na mwisho wa filamu ukahamishiwa kanisani, ambako watu wanasali huku mashine za adui zikianguka nje. Mchungaji anachomwa na Biblia yake, lakini kanisa linanusurika. Mtu anaweza kudhani kwamba mwelekezi alitaka kuridhisha pande zote mbili.

Signs ni mjukuu wa kazi hizi. Kama kwa Wells, wavamizi wanashindwa na kitu duni kilichopatikana duniani kabla yao. Kama kwa Haskin, vita vinatazamwa kutoka kwa watu waliojifungia wakisubiri. Tofauti ni kwamba safari hii kasisi ndiye mhusika mkuu, naye hataki kusoma chochote kwa jicho la Maandiko. Ukutani mwa nyumba yake imebaki alama hafifu ya msalaba ulioondolewa. Mezani anakataa kusali. Kasisi wa Wells aliona ishara kila mahali. Graham haoni ishara popote, na hiyo ndiyo ndwele yake.

Maji yasiyobarikiwa

Kinachosahauliwa na fasiri ya mapepo ni kwamba hakuna anayeyabariki maji ya Bo. Baba yake ameacha ukasisi na amechoshwa na wanaoendelea kumwita kwa cheo chake cha zamani. Bo mwenyewe huyaacha maji kwa sababu za kitoto: haya yana vumbi, yale yana unywele, mengine yameguswa na kaka yake. Ni maji ya bomba yaliyochakaa. Aidha, mtu wa kwanza kutambua kwamba wavamizi wanaogopa maji ni Ray Reddy, daktari wa mifugo, ambaye anaamua kukimbilia ziwani. Ziwa hilo halijawekewa mkono na kasisi yeyote. Watetezi wa fasiri hii wanalazimika ama kulitakasa ziwa zima au kulinyamazia, na wengi wao hulinyamazia.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu pumu ya Morgan. Mvamizi anampulizia mtoto hewa yenye sumu, lakini mapafu yake yamejifunga kwa ugonjwa, na sumu haiingii. Hoja hii ina maana ikiwa tu sumu ni sumu na pafu ni pafu. Hewa ya pepo ingehitaji kuzuiwa na pumu kwa kanuni gani? Gongo la Merrill nalo ni gongo tu, kumbukumbu ya mchezaji wa besiboli aliyeweka rekodi ya kuupiga mpira mbali na rekodi nyingine ya kuukosa. Maji machafu, ugonjwa wa kifua na kipaji kilichofeli: hivi ndivyo vyombo vya wokovu katika filamu hii, na uzito wake wote unatokana na udunia wake. Kuyaita maji hayo matakatifu tangu mwanzo ni kumnyima mtazamaji mshangao ambao Graham anaupata mwishoni.

Jina la filamu lenyewe linastahili kuzingatiwa. Signs ni ‘ishara’, na msomaji wa Kiswahili yumo katika nafasi nzuri ya kulielewa jina hilo, kwani katika tafsiri ya Kiswahili ya Injili ya Yohana neno ‘ishara’ ndilo linalotumiwa kwa matendo ya Yesu, na ya kwanza kati ya hizo, ile ya Kana, ilihusu maji. Ishara si uthibitisho. Waliokuwa kwenye harusi waliweza kunywa na kwenda zao. Katika Uislamu nako, ‘aya’ ni fungu la Kurani na pia ni ishara katika maumbile ambayo mwenye kutafakari huisoma, na asiyetafakari huipita. Hata maumbo katika mashamba, ambayo filamu inaanza nayo, yana historia ya aina hiyo. Mwaka wa 1991 Waingereza wawili, Doug Bower na Dave Chorley, walikiri hadharani kwamba wao ndio waliokuwa wakiyachora kwa miaka mingi, na bado wapo walioendelea kuyasoma kama ujumbe.

Filamu inalijua suala hili na inaliweka wazi. Wakiwa wameketi kwenye kochi usiku, Graham anamwambia Merrill kwamba watu wako wa aina mbili: wanaoona ishara na wanaoona bahati. Kisha anapasimulia mahali Colleen alipofia. Maneno ya mwisho ya mkewe, ya kumwambia Graham aone na Merrill apige kwa nguvu, Graham anayaeleza kama mishipa ya ubongo unaokufa ikirusha kumbukumbu za mchezo wa zamani. Maelezo hayo yanatosha kabisa. Hayakanushwi na lolote linalofuata. Mvamizi anaposimama sebuleni akiwa amemshika Morgan, maneno yale yale yanasomwa upya, na gongo linatolewa ukutani. Matukio hayajabadilika, aliyebadilika ni msomaji. Hapa ndipo uzito wa kazi hii ulipo, na hapa ndipo fasiri ya mapepo inapoubomoa. Ikiwa kiumbe aliyesimama mbele ya Graham ni pepo, basi hana la kuamua. Ulimwengu wa roho umekwisha kuingia nyumbani kwake kwa miguu. Aliyemwona pepo hahitaji imani ili kujua kwamba pepo wapo, na kurejea kwake katika ukasisi kunakuwa jambo la busara ya kawaida, kama kuvaa koti wakati wa baridi.

Ufunguo uko wapi?

Istiara, katika maana yake kamili, ni masimulizi ambayo kila sehemu yake kuu inasimamia jambo lililo nje yake, na kwa kawaida mwandishi humwachia msomaji ufunguo. Shaaban Robert aliuweka katika jina la Kusadikika (1951), nchi inayoelea hewani. Katama Mkangi katika Walenisi (1995), riwaya inayompeleka mhusika wake hadi sayari nyingine, aliuweka wazi zaidi: wale ni sisi. Katika filamu ya Robert Wise ya mwaka wa 1951, The Day the Earth Stood Still, mgeni kutoka angani anajiita Carpenter, yaani seremala, anauawa, anafufuka, na kupaa. Mwandishi wa mswada wake, Edmund North, baadaye alikiri kwamba ulinganisho na Yesu ulikuwa wa makusudi. Ufunguo katika kazi hizi ni sehemu ya mlango.

Katika Signs ufunguo huo umetafutwa baada ya mlango kukataa kufunguka. Mashabiki walianza na kasoro, yaani wavamizi wasiostahimili maji, na wakaibuni istiara ili kuiziba. Hili ni tatizo linaloizidi filamu moja. Wanafunzi wa fasihi nao wanapokumbana na jambo lisilotangamana katika riwaya, mara nyingi hukimbilia kusema kwamba ni la kiishara, na mjadala huishia hapo. Kasoro ya msuko ibaki kuwa kasoro. Shyamalan hakuifikiria vya kutosha biolojia ya wageni wake kwa sababu hakuijali, na hiyo ni lawama halali.

Ipo lawama nyingine iliyo nzito zaidi, ambayo fasiri ya mapepo humsaidia mtazamaji kuikwepa. Ikiwa kila kitu kilipangwa, basi kifo cha Colleen pia kilipangwa, ili apate kuacha maneno mawili matatu ya kutumiwa miezi kadhaa baadaye. Mungu wa aina gani huyo? Filamu inalikaribia swali hili katika chumba cha chini ya nyumba, pale Graham, akimpakata Morgan anayeshindwa kupumua, anamwambia Mungu kwamba anamchukia. Hiyo ndiyo sala yake pekee tunayoisikia, na ni sehemu bora kuliko zote katika filamu. Picha ya mwisho, inayomwonyesha akiwa amevaa tena ukosi wa ukasisi, inaipita haraka mno.

Fasiri ya mapepo haiwezi hata kulikaribia swali hilo, kwa kuwa imeshaupatia uovu mwenyewe wa kulaumiwa, naye ana makucha. Lakini Colleen hakuuawa na kiumbe yeyote wa angani. Aliuawa kabla hawajafika, na Ray Reddy, aliyesinzia kwenye usukani usiku mmoja, jambo ambalo kwa maelezo yake halijawahi kumpata kabla wala baada ya hapo. Ray anamwambia Graham kwamba ni kana kwamba ilikusudiwa iwe. Anaomba radhi. Anamwarifu kwamba mmoja wa viumbe hao amefungiwa katika stoo yake, kisha anaondoa gari kuelekea ziwani, na Graham anabaki amesimama nje ya nyumba ya mtu aliyemuua mkewe, bila pepo wa kumsingizia.