Matriksi Safi, Majina ya Kuazima

Mstari mmoja wa msimbo wa lugha ya R ukitoa jedwali zima, ukumbi wa semina hupiga makofi, na makofi hayo ndiyo yanayowaudhi mafundi. Kwenye projekta zinaonekana halmashauri 7 za Mkoa wa Singida, kuanzia Iramba na Mkalama hadi Manyoni na Itigi, na mazao yamepangwa bila pengo. Majina ya mazao yametoka wapi? Haulizi mtu.

Kazi mbovu hujificha hapo hapo. Mwanagenzi huita table ndani ya sapply, ahesabu zao kuu la kila kaya, halmashauri moja baada ya nyingine. Tuseme Ikungi imetoa alizeti, mtama na uwele. Manyoni imetoa alizeti, mahindi na mtama. Kila jibu lina thamani 3, basi sapply inayaunganisha bila kinyongo na kuchukua majina ya jibu la kwanza pekee. Mahindi ya Manyoni yanasomeka mtama, mtama wake unasomeka uwele. Onyo halitoki, na jumla ya kaya ni sahihi kabisa.

Idadi zingetofautiana, sapply ingerudisha orodha badala ya matriksi, na mwanagenzi angeshtuka. Kinachomponza ni usawa wa bahati.

Mjanja wa daraja la pili hukimbilia vapply, kwa kuwa hiyo hukataa jibu lenye urefu au aina tofauti na iliyotajwa. Hukataa kweli, ila majina hailinganishi. Hata rbind, inayobandika safumlalo pamoja, ikipewa vekta hufuata nafasi tu. Hulinganisha majina ikipewa data fremu. Fundi huanzia mbali zaidi: hugeuza safuwima ya mazao kuwa factor yenye levels kamili kabla ya kuhesabu, ili kila halmashauri itoe mazao yote kwa mpangilio mmoja, na lisilokuwepo liandikwe 0. Jedwali la mazao lisilo na sifuri hata moja litiliwe shaka.

Wakongwe wana haki ya kuguna. Kabla ya R 4.0.0, iliyotoka Aprili 2020, read.csv iligeuza maneno kuwa factor yenyewe. Wengi waliilaani tabia hiyo, kumbe iliwakinga na balaa hili.

Matapeli nao hawakosi. Yupo anayebandika kwa rbind bei za miezi 12 za halmashauri moja na bei za miezi 6 za nyingine. R inarudia Januari hadi Juni kujaza Julai hadi Desemba, kimya, kwa kuwa 6 inagawanya 12. Miezi ingekuwa 5, onyo lingetoka, naye angelifunika kwa suppressWarnings. Mwingine huongeza safumlalo moja moja ndani ya kitanzi, dhambi ambayo Patrick Burns aliitengea duara la pili katika The R Inferno.

Halmashauri zikae kwenye safumlalo, daima; sapply huzilaza kwenye safuwima, na asiyejisumbua kuita t() hajamaliza kazi. Kisha mkaguzi aitangulize Manyoni mbele ya Ikungi na kuendesha msimbo upya. Majina ya mazao yakibadilika, msimbo urudi kwa mwenyewe.