Itifaki Imezingatiwa, Kitabu Hakijasomwa

Uzinduzi wa kitabu, kama tunavyoufanya Dar es Salaam, una ratiba ambayo mtu anaweza kuikariri. Kadi inasema saa nane, shughuli inaanza saa tisa na nusu. Mshereheshaji anamkaribisha mwenyekiti, mwenyekiti anatambulisha meza kuu, meza kuu inatambuana yenyewe. Kila anayeshika kipaza sauti anasema itifaki imezingatiwa, kisha anaanza kuizingatia upya, jina kwa jina, cheo kwa cheo. Mchapishaji analalamikia bei ya karatasi. Mgeni rasmi anahimiza vijana wasome na, akiwa mkweli, anakiri kwamba kitabu chenyewe amekabidhiwa asubuhi ile. Utepe unakatwa, nakala ya kwanza inanadiwa, picha zinapigwa. Karibu na mwisho mwandishi anapewa dakika zake. Anamshukuru Mungu, wazazi, mwenzi wake na mhariri. Watu wanakula, wanaondoka.

Nasoma shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, na hafla hizi nimezihudhuria nyingi kuliko harusi za ndugu zangu. Siku hizi nikienda huwa nasubiri kitu kimoja: kusikia aya ya kitabu ikisomwa kwa sauti. Mara nyingi naondoka sijaisikia. Nimewahi kukaa saa tatu kwenye uzinduzi wa diwani nikatoka bila ubeti hata mmoja, wakati nakala zenyewe zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye meza ya mlangoni.

Ni rahisi kuicheka itifaki yetu na kudhani kwamba dawa ni ule ushauri wa kisasa wa kuzungumza jukwaani, unaofundishwa kwenye warsha, kwenye video na kwenye vitabu vya kumsaidia mwandishi kujitangaza. Nimeufuatilia ushauri huo kwa sababu wenzangu wanaoandika wanautegemea. Ukiuweka pamoja unasema hivi: Eleza kitabu chako kwa nusu dakika. Simulia ulivyopata wazo, hasa kama ulipitia shida. Taja jina la kitabu mara kadhaa. Watazame watu machoni, tabasamu, chekesha mapema. Na usisome, kwa sababu kusoma kunachosha. Ukilazimika, soma kidogo sana.

Hapo ndipo mgeni rasmi na mkufunzi wa warsha wanapokutana bila kujuana. Mmoja anakizika kitabu chini ya vyeo, mwingine chini ya haiba ya mwandishi. Wote wawili wanakiacha kimefungwa.

Ili kuelewa ushauri huu umefikaje hapo, inafaa kuangalia ulikotoka. Mwaka 1912 Dale Carnegie alianza kufundisha watu kuzungumza hadharani katika YMCA ya New York. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa watu wa biashara waliotaka kusimama mbele ya wateja na wakubwa wao bila kutetemeka. Mwaka 1924 Ralph Smedley alianzisha klabu ya kwanza ya Toastmasters huko California, na leo klabu hizo zipo hadi Nairobi na Dar es Salaam. Baadaye zikaja hotuba za TED na kikomo chake cha dakika 18. Shule zote hizi zinafundisha mambo ya kweli: jiandae, jua unazungumza na nani, usizidishe muda uliopewa. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri chakula kwenye uzinduzi angependa meza kuu nzima ipelekwe huko.

Lakini shule hizi zilibuniwa kwa ajili ya mtu ambaye hana kingine cha kuonyesha ila maneno anayoyasema wakati ule. Mwandishi anacho kingine. Amekaa miaka akichagua maneno, akiyafuta na kuyarudisha, halafu anashauriwa ayaache mezani aongee mengine aliyoyafikiri akiwa kwenye bodaboda.

Mtu aliyelijua jukwaa la mwandishi kuliko karibu wote ni Charles Dickens. Kuanzia mwaka 1858 alizunguka Uingereza akisoma vitabu vyake mbele ya watu waliolipa kiingilio, na kati ya Desemba 1867 na Aprili 1868 akafanya hivyo Marekani. Watu walipanga foleni kwa ajili ya tiketi. Walikuja kumsikia akisoma hadithi ambazo wengi wao walikuwa wameshazisoma nyumbani.

Kinachonivutia ni maandalizi yake. Dickens alitengeneza nakala maalumu za kusomea jukwaani. Alikata kurasa nzima, akaunganisha vipande, akapiga mistari chini ya maneno ya kukazia, na pembeni akajiandikia maelekezo ya sauti na ishara za mikono. Alifanya mazoezi mpaka sehemu kubwa akawa anaijua kwa moyo. Kwa maneno mengine, alikihariri kitabu upya kwa ajili ya sikio. Ushauri wa leo ungemwambia asimulie utoto wake wa kufanya kazi kiwandani, kisa ambacho kingeuza sana. Hakukisimulia jukwaani hata siku moja. Aliwapa watu wahusika wake.

Sisemi tumwige katika kila kitu. Mwaka 1869 alianza kusoma mbele ya umma sehemu ya kuuawa kwa Nancy katika Oliver Twist, na alikuwa akitoka jukwaani hoi, daktari akimpima mapigo ya moyo. Aprili mwaka huohuo madaktari walimkatiza ziara. Alisoma kwa mara ya mwisho London tarehe 15 Machi 1870, akafariki tarehe 9 Juni. Jukwaa lilimla. Hata hivyo lilimla akiwa anafanya kazi ya kitabu, na hilo ni tofauti na uchovu wa mwandishi anayejisimulia yeye mwenyewe kila wiki.

Mark Twain alikutana na tatizo la upande wa pili. Katika ziara yake ya mwaka 1884 na 1885, akiwa na mwandishi mwenzake George Washington Cable, aligundua kwamba ukurasa ukisomwa kama ulivyoandikwa unaweza kufa mdomoni. Sentensi iliyotengenezwa kwa ajili ya jicho ina viungo vigumu. Akaanza kuzikariri hadithi zake na kuzilegeza mpaka zikawa mazungumzo. Hapa wanaosema kusoma kunachosha wanapata nusu ya haki yao. Kusoma vibaya kunachosha, kama kuimba vibaya kunavyochosha, na hakuna aliyewahi kumshauri mwimbaji apande jukwaani aeleze wimbo wake unahusu nini.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ilitoka mwaka 1980, na Kiswahili chake kikaitwa Shetani Msalabani. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni, Ngũgĩ anaeleza jinsi ilivyopokelewa. Familia zilikusanyika jioni, mmoja akawasomea wote, wakiwemo wasiojua kusoma. Wafanyakazi waliisoma kwa pamoja wakati wa mapumziko ya mchana. Na kwenye baa walitokea wasomaji ambao karibu waliifanya kazi: mtu anasoma huku anakunywa, akifika mahali patamu na bilauri imekwisha anakiweka kitabu chini, na wasikilizaji wanaojua kilichobaki wanaagiza nyingine ili hadithi iendelee.

Katika baa ile mwandishi hayupo. Hakuna anayejua kama ana haiba au kama anawatazama watu machoni. Aliyepo ni msomaji mwenye koo kavu anayejua mahali pa kukatisha. Huyo angeweza kuwafundisha kazi wakufunzi wengi.

Sisi wa pwani tusingepaswa kushangaa. Ushairi wa Kiswahili uliishi muda mrefu kwa koo za watu wengine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, wa karne ya 19, yalihifadhiwa kwa sehemu kubwa katika kumbukumbu za watu. Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor ndio waliokuja kuyakusanya, na diwani ikachapishwa mwaka 1940, zaidi ya miaka mia moja baada ya mengi kutungwa. Lugha yenyewe inatofautisha kazi hizi: kuna mtunzi na kuna mghani. Wanaweza kuwa mtu mmoja, lakini hawalazimiki. Mtunzi asiye na sauti alimpa shairi mwenye sauti, na hakuna aliyemwona amepungukiwa.

Nalitaja hili kwa sababu kuna mtu linamgusa. Mwenzangu mmoja darasani ana kigugumizi. Anaandika mashairi ambayo, kwa maoni yangu, ni bora kuliko ya sisi wengine wote. Mwaka jana alipotaka kuchapisha, alikwenda kwenye warsha ya waandishi akajifunza kwamba siku hizi mchapishaji anamnunua mwandishi kabla ya kununua mswada. Alipewa mazoezi ya kujieleza kwa nusu dakika. Nusu dakika, kwa mtu ambaye jina lake mwenyewe linaweza kumchukua kumi na tano. Alirudi akasema atasubiri kwanza. Mswada uko kwenye kompyuta yake mpaka leo.

Huyohuyo akighani hakwami. Hili si ajabu lake peke yake. Watu wengi wenye kigugumizi huimba bila kukwama, kwa kuwa mahadhi huyabeba maneno. Namsikia akighani beti zake ghorofani hosteli, saa za usiku umeme ukikatika, na vyumba vya jirani vinanyamaza. Ushauri uliomwambia asisome ulimnyang'anya mahali pekee ambapo ulimi wake uko huru. Nikifikiria ni wangapi wamerudisha miswada yao kwenye droo kwa sababu kama hiyo, kicheko changu kuhusu meza kuu kinaisha.

Najua jibu la wachapishaji. Soko la vitabu vya Kiswahili nje ya vile vya shule ni dogo, mnada wa nakala ya kwanza unaweza kulipa deni la kiwanda cha uchapaji, na mgeni rasmi mwenye cheo huleta kamera. Ni kweli, na sijasema mgeni rasmi abaki nyumbani. Nasema apewe ukurasa ausome. Aliyesoma ukurasa mmoja mbele ya watu, akajikwaa kwenye neno asilolitarajia na kulirudia, ameshakutana na kitabu kuliko aliyekata utepe.

Basi kama ni ushauri, na mimi niongeze wangu kwa mwandishi anayejiandaa kupanda jukwaani. Usichague ukurasa unaoupenda zaidi. Chagua unaoeleweka bila maelezo ya dakika tano. Usichape upya kwa herufi kubwa, ukate kila kisichosikika vizuri, uweke alama pa kuvuta pumzi. Dakika saba zinatosha. Msomee kwanza mtu asiyekuonea aibu, na anapoanza kuangalia simu, hapo ndipo pa kukata. Simama kabla hadithi haijatulia. Na kama sauti yako haitoshi, mtafute mwenye sauti umpe. Wa kabla yetu walifanya hivyo bila kuomba radhi.

Na sisi tunaokaa kwenye viti vya plastiki tuna sehemu yetu. Mwishoni mshereheshaji husema kwamba kwa sababu ya muda yatachukuliwa maswali mawili tu. Nyoosha mkono. Usiulize alipataje wazo. Mwombe mwandishi, kwa heshima zote na itifaki ikiwa imeshazingatiwa, afungue ukurasa wa kwanza atusomee.